Siku moja maishani mwangu: asubuhi mayai, mchana nyigu

Saa 11:30 alfajiri. Natoka chumbani kwa kunyata, wenzangu bado wanakoroma. Hotelini shefu ameshawasha majiko. Hadi saa 4 kazi yangu ni mayai: ya kukaanga, ya kuvuruga, ya kuchemsha, na yale ya mgeni mmoja ambaye kila siku anataka ute uive lakini kiini kisijue kama kulikuwa na moto. Hapo sina zaidi la kusimulia.

Saa 4:30 asubuhi. Zamu yetu hapa Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, imekatwa vipande viwili: asubuhi, kisha jioni, na katikati mapumziko yasiyolipwa. Wenzangu hulala. Mimi napanda baiskeli kwenda Rozel, pwani ya kaskazini-mashariki, kwa mama mmoja mstaafu anayefuga nyuki. Tulijuana alipoleta asali jikoni kwetu, nikamwuliza nyuki wake wanakula maua gani. Ananiambia nimwite kwa jina. Ulimi umekataa, namwita Mama.

Saa 5:15. Tunasimama kando ya mzinga. Nyigu wa Asia tayari yuko kazini. Anaelea hewani shibiri mbili hivi mbele ya mlango, uso ameuelekeza nje, akiwangoja nyuki wanaorudi wakiwa wamelemewa na mbochi na chavua. Mwili mweusi, mkanda wa rangi ya chungwa karibu na mkia, na miguu ya njano kana kwamba amevaa soksi za shule. Nyuki mmoja anatokea akiyumba. Nyigu anamdaka, anaruka naye hadi kwenye tawi la mtofaa na kuning'inia kwa mguu mmoja. Kichwa cha nyuki kinaanguka. Mabawa yanaanguka. Tumbo linaanguka. Kinabaki kifua tu, penye misuli ya kurukia. Anakifinyanga kuwa kidonge na kuondoka nacho kwenda kulisha majana wake. Yeye mwenyewe nyama hiyo haimezi, huishi kwa vitu vya majimaji vitamu.

Lakini nyuki wanaoliwa si hasara kubwa kuliko zote. Nyigu wakizidi mlangoni, nyuki wanajifungia ndani. Hakuna anayetoka kutafuta chakula, akiba inapungua, na kundi linaingia majira ya baridi likiwa na njaa. Nyuki wa Asia, waliokua pamoja na adui huyu, humzingira kwa wingi na kutetemesha misuli hadi joto linamuua. Hawa wa Ulaya hawakuwahi kukutana naye. Kwetu Kitui, kwenye mizinga ya magogo ya babu, adui wetu alikuwa nyegere, na nyuki walikuwa wakali kiasi kwamba hata mbuzi walijua pa kuzungukia.

Saa 6 mchana. Chombo chetu ni chupa ya jemu. Kifuniko kina tundu, tunduni kuna utambi wa kitambaa, ndani kuna chambo cha majimaji matamu. Nyigu akishatua na kuanza kunyonya hajali kitu kingine. Mama anasogeza kalamu ya rangi polepole na kumtia nukta nyeupe mgongoni. Mimi nashika saa. Akishiba anapaa, anazunguka mara mbili, kisha anashika njia iliyonyooka kuelekea kiotani, nasi tunaiandika kwenye ramani. Anarudi baada ya dakika tisa. Kanuni ya hapa ni kwamba kila dakika moja ya kwenda na kurudi ni takriban mita 100, basi kiota kiko kama mita 900 hivi.

Tukisubiri, Mama anamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Haina tangawizi. Siku moja nitalirekebisha hilo. Mbele yetu Ufaransa inaonekana kwa macho, ng'ambo ya bahari, kilomita 22 tu pale palipo karibu zaidi. Huko ndiko nyigu hawa walikotoka. Barani Ulaya walionekana kwanza mwaka 2004 katika mkoa wa Lot-et-Garonne, na inaaminika waliingia na shehena ya vyombo vya udongo kutoka China. Vinasaba vinaonyesha kwamba huenda wote ni uzao wa malkia mmoja aliyekuwa tayari amepandwa na madume kadhaa. Mmoja! Kufikia 2016 walikuwa wamefika Jersey. Upepo wa masika, baridi ikiisha, ukivuma kutoka mashariki, malkia wapya wanavuka bila kuulizwa kibali. Mimi changu nilikisubiri hadi nikakonda.

Saa 7:40. Tumehamisha chupa mara mbili. Pale pa kwanza mwenye nukta nyeupe amerudi kwa dakika nne, na pale pa pili mwingine, wa nukta ya bluu, kwa mbili. Mistari yao miwili inakutana kwenye kijisitu nyuma ya shamba la viazi. Tunapita kando ya ua wa miiba kwa tahadhari. Septemba ni mojawapo ya nyakati za kukata nyua za barabarani kisheria, na mkataji akigusa kiota kilichojificha humo hatakuwa na muda wa kuuliza ni kitu gani.

Saa 8:30. Kutafuta kiota mtini kunaumiza shingo kuliko kuosha masufuria. Natazama juu kwa darubini, majani, majani, majani. Halafu naona nukta zinazoingia na kutoka mahali pamoja. Kiota kiko karibu na kilele cha mwaloni, kikubwa kuliko mpira wa miguu, cha rangi ya karatasi ya kaki, mlango wake ukiwa ubavuni. Mama ananipiga bega na kupiga simu. Sisi hatukigusi. Anakuja fundi mwenye vazi nene na mlingoti mrefu wa kupulizia dawa.

Kikiachwa, kiota kama hiki kinaweza kutoa mamia ya malkia wapya kabla ya baridi. Mwaka 2023 kisiwani vilipatikana viota zaidi ya 300, na kisiwa chenyewe ukikizunguka kwa baiskeli unakimaliza kwa siku. Hakuna anayedai tutawamaliza. Tunawapunguza ili mizinga ifike masika.

Saa 11 jioni. Aproni tena. Samaki, chipsi, samaki, chipsi. Shefu ananusa shati langu na kuuliza kwa nini nanukia pombe. Ni chambo, namwambia. Haamini.

Saa 4:45 usiku. Ujumbe wa Mama: fundi amekipulizia jioni, kesho kinashushwa. Chini yake ameongeza kwamba upande wa St Martin nyigu wameonekana kwenye maua ya mtambaazi ukutani, je, nina nafasi? Nimemwomba shefu tubadilishane zamu. Amekubali kwa chupa mbili za asali. Nimempa moja, nyingine ataidai kwa Mama mwenyewe.