Ofa ya laki tisa: nilivyoamua kujadiliana badala ya kukataa

Ofa ya kazi ya uhasibu Dar es Salaam ilikuja kwa simu: "Tumekupangia laki tisa." Nilichouliza kwanza ni kama hizo ni kabla ya makato au ni za kuingia mkononi. Usipouliza hilo, hesabu zote utakazopiga baadaye ni za hewani. Zilikuwa kabla ya makato. Niliomba siku tatu na rasimu ya mkataba, nikashika kalamu.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, yaani 90,000. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 810,000 inayobaki: kwa viwango vya Tanzania Bara ni 68,000 pamoja na robo ya kinachozidi 760,000, jumla 80,500. Nilisoma kwa mkopo, kwa hiyo Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Mkononi zinabaki 594,500. Toa nauli 3,000 kwa siku na chakula cha mama ntilie 3,000 nyingine. Siku 26 za kazi zinameza 156,000. Kodi ya chumba na sebule 150,000. Zinabaki 288,500 za chakula cha nyumbani, umeme, wazazi na dharura zote.

Hapo nikaweka kiwango changu cha chini, 670,000 mkononi, na nikakiandika. Kiwango kilichomo kichwani tu hushuka chenyewe ukiwa umekaa mbele ya mtu mwenye kazi ya kukupa. Ofa ingekuwa laki tano ningeshukuru na kukataa palepale, maana pengo la namna hiyo halizibwi kwa mazungumzo. Laki tisa ilikuwa jirani.

Niliomba 1,200,000 nikijua itapunguzwa. Nyongeza hiyo ya 300,000 kwenye karatasi ingeniletea 153,500 tu mfukoni, kwa hiyo kuomba "mniongezee kidogo" ni kupoteza nafasi: utapewa 50,000 na nusu yake italiwa na makato. Kodi ya nyumba na ada za wadogo zangu sikuzitaja. Mwajiri analipia kazi, halipii shida zangu. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Habari za asubuhi, dada. Nashukuru kwa ofa ya 900,000. Rasimu inataja kufunga hesabu za kila mwezi, ritani za VAT na mishahara ya watu 40. Kwa majukumu hayo naomba 1,200,000 kabla ya makato. Niko tayari kuanza mara nitakapomaliza notisi."

Jibu lilikuwa 1,050,000, ila imegawanywa: msingi 700,000, posho ya nyumba na usafiri 350,000. Hapa ndipo wengi wanasaini bila kusoma. Posho hizo kwa sekta binafsi zinakatwa kodi vilevile. Kinachopungua ni makato ya Bodi ya Mikopo, kwa sababu yanafuata msingi, hivyo mkononi ingeingia 725,750 badala ya 673,250 ambayo ningepata kama yote ingekuwa msingi. Inavutia, lakini deni linachelewa kuisha. Tena malipo ya saa za ziada, mara moja na nusu, yanakokotolewa kwenye msingi. Na kiinua mgongo cha anayeachishwa kazi, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kinafuata msingi huohuo. Mhasibu anayefunga mwezi hakosi saa za ziada.

Nikarudi na ombi moja tu: jumla ibaki 1,050,000, msingi uwe 900,000 na posho 150,000. Kwa mwajiri, mshahara wa mwezi haukuongezeka hata senti, na nadhani ndiyo maana walikubali siku hiyohiyo. Mkononi ikawa 695,750, juu ya kiwango changu.

Waliniahidi pia kwa mdomo kwamba "tutakuangalia" baada ya miezi ya majaribio. Niliomba iandikwe kwenye mkataba, hawakutaka. Nikaihesabu sifuri, kama kiwango changu kingetegemea ahadi hiyo, ningekataa kazi.

Notisi ya siku 28 kwa mwajiri wa zamani niliipeleka baada ya mkataba mpya kusainiwa na pande zote mbili, nakala ikiwa mkononi mwangu.