Mchezo mmoja wa bao, lugha tano: jinsi nilivyochagua

Nilipowaambia wenzangu kwamba nataka kuandika bao la Kiswahili litakalochezwa kwenye kompyuta, nilipewa ushauri wa aina mbili, na wote ulikuwa mbaya. Mkubwa wangu wa kazi wa wakati huo alisema kwamba michezo huandikwa kwa lugha ya programu ya C++ tu, na kwamba lugha nyingine ni mpya na hazijakomaa. Kijana niliyekuwa nikikaa naye meza moja alisema kwamba mtu anayeanza mradi leo bila Rust anajitafutia balaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza mchezo wenyewe unafanya nini. Jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi kila ninapowaona watu wakilinganisha lugha hizi kwa majedwali ya kasi peke yake.

Niliamua kuuandika mchezo uleule, kwa kanuni zilezile, katika lugha moja baada ya nyingine, yaani C++, Rust, Zig na Odin, jioni baada ya kazi na siku za Jumapili. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu hivi. Gharama zilikuwa bando la intaneti na umeme, labda laki mbili na ushee kwa jumla, maana sikununua kompyuta mpya; niliyokuwa nayo ni ya mtumba, yenye memori ya gigabaiti 8, na hilo litaonekana kuwa na uzito huko mbele.

Asiyelijua bao ataona ni mchezo mdogo. Bao lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, shimo lake maalumu, na kete 22 mkononi ambazo huzinamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja hadi ziishe, kisha mchezo unaingia kwenye mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu. Kete zikiliwa huingizwa upande wa mlaji kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, zikiishia kwenye shimo lenye kete huokotwa na kuendelea, na zikiishia mkabala na shimo la adui lenye kete huliwa tena. Mwendo mmoja unaweza kuzunguka ubao mara nyingi. Upo hata mwendo ambao, kwa hesabu, haukomi kabisa. Niliugundua baada ya kompyuta kuganda, nikaweka kikomo.

Nilianza na C++ kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiijua. Bjarne Stroustrup aliianza mwaka 1979 juu ya msingi wa C, na maktaba yoyote (mkusanyo wa programu za kuazima) ya picha au sauti unayoihitaji utaikuta imekwisha kuandikwa kwa mojawapo ya hizo mbili. Kwa upande wa picha nilitumia raylib, ambayo ni maktaba ya C, na katika wiki mbili nilikuwa na ubao unaochezeka. Niliringa. Kisha mchezo ukaanza kuanguka, mara moja katika michezo ishirini au thelathini, bila mpangilio wowote nilioweza kuuona.

Kosa hilo nililitafuta kwa wiki tatu. Kete zilizokuwa zikisafiri kwenye skrini nilikuwa nimeziweka ndani ya vekta, yaani orodha inayojipanua yenyewe, na kwa kuwa kila upande una mashimo 16, vekta hiyo niliitengea nafasi 16 nikiamini kwamba zinatosha. Pembeni nilikuwa nimehifadhi pointa, yaani anwani ya mahali kwenye memori, inayoelekea kwenye kete ya kwanza, ili macho ya mchezaji yaifuate. Kete ya 17 ilipoingia, vekta ilikosa nafasi, ikahamisha kete zote mahali pengine kwenye memori na kuliachia eneo la zamani, lakini pointa yangu ikabaki inaelekeza kwenye eneo lililoachwa. Ilikuwa sawa na mtu anayepeleka barua kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mara nyingi barua ilipokelewa hata hivyo, kwa sababu eneo lile lilikuwa bado halijachukuliwa na mtu mwingine, ndiyo maana mchezo haukuanguka kila mara. Kosa lilijitokeza tu pale mtu alipokuwa ameilimbikiza nyumba yake mpaka ikapita kete 16, kisha akaimwaga.

Nilichokosa kuambiwa na yule mkubwa, ambaye aliijua C++ kwa miaka ishirini, ni kwamba GCC na Clang, kompaila zinazogeuza C++ kuwa lugha ya mashine, zina swichi ya -fsanitize=address. Niliposoma habari zake na kuiwasha, mchezo ulipoanguka ulinionyesha mstari uleule ulioitumia memori iliyokwisha kuachwa, mstari ulioiacha, na mstari ulioitenga. Wiki tatu zilikwisha ndani ya dakika kumi. Anayeandika C++ bila swichi hiyo wakati wa majaribio anajitesa bure.

Baada ya hapo nilikuwa tayari kumsikiliza kijana wa Rust. Lugha hiyo ilianzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 kama kazi yake binafsi, Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wakaidhamini, na toleo la 1.0 likatoka Mei 2015. Tangu Desemba 2022 imo hata ndani ya kiini cha Linux. Msingi wake ni umiliki: kila kitu kwenye memori kina mwenyewe mmoja, wengine hukopa, na kwa wakati mmoja wanaweza kukopa wengi kwa kusoma tu au mmoja peke yake kwa kubadilisha. Kompaila hukagua mikopo hiyo kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Kosa langu la kete ya 17 lisingepita hapo, na hiyo ni sifa ya kweli ambayo siwezi kuipunguza.

Nami nikaliingia bao kwa mawazo ya C++. Kila shimo nililifanya kitu kinachojitegemea, chenye njia ya kulifikia shimo linalofuata na njia nyingine ya kulifikia shimo la adui lililo mkabala. Mkaguzi wa mikopo akakataa. Nikabadilisha, akakataa. Kwa siku nyingi nilikuwa napokea maelezo marefu na ya adabu ya kwa nini haiwezekani, hadi yule kijana akanishauri nifunge kila shimo ndani ya Rc na RefCell, ambavyo huhamisha ukaguzi kutoka wakati wa kukompaili hadi wakati wa kucheza. Kompaila ikanyamaza. Nikacheza mchezo mmoja, wa pili, wa kumi, yote ikienda vizuri, kisha mmoja wa wachezaji akamwaga nyumba yenye kete 16, kete ya mwisho ikazunguka ikarudi kwenye shimo lilelile ilikotoka, ambalo mwendo ulikuwa bado umelikopa, na programu ikajizima ikisema kwamba tayari limekopwa. Nyumba ileile iliyojaa iliyoniangusha kwenye C++ ndiyo iliyoniangusha na huku.

Dawa niliipata kwa kuacha kuwaza kwa lugha na kuwaza kwa bao. Shimo halihitaji kumjua jirani yake. Ubao mzima ni safu ya namba 32, na kwa kuwa kete zote ni 64, kila shimo linatosha ndani ya baiti moja. Jirani ni namba inayofuata, na wa mkabala hupatikana kwa kutoa. Ongeza kete za mkononi, zamu ni ya nani na hali ya nyumba mbili, ubao wote haufiki baiti 40, wakati mstari mmoja wa kashe, memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, kwenye kompyuta nyingi ni baiti 64. Kitu kidogo namna hiyo hakikopwi, kinanakiliwa. Kompyuta inapofikiria mwendo wake hutengeneza nakala, huucheza mwendo kwenye nakala, huipima na kuitupa, na ubao halisi haujaguswa. Mkaguzi wa mikopo hakuwa na neno tena, na fikra za kompyuta zikawa na kasi ambayo sikuitarajia. Niliurudisha ujanja huohuo kwenye C++, nayo ikapata kasi karibu ileile.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu udhaifu wa majedwali ya kasi. Clang, Rust na Odin zote hupitisha programu yako kwa chombo kimoja kiitwacho LLVM ili kuitoa kwa lugha ya mashine, na Zig nayo hufanya hivyo unapoiomba programu ya mwisho yenye kasi. Kwa bao langu tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno. Tofauti kati ya mashimo yenye pointa na namba 32 ilikuwa kubwa kupita tofauti zote za lugha zikijumlishwa.

Jambo lililonisumbua kwenye Rust ni kungoja. Nilijaribu kutumia Bevy, injini ya michezo ya Rust iliyotoka mwaka 2020, na kwenye kompyuta yangu ukompaili wa kwanza ulipita robo saa, huku folda ya kazi ikimeza gigabaiti kadhaa na bando likipungua kwa kupakua vifurushi mamia. Mwenye kompyuta ya kisasa hataliona hilo. Mimi nililiona kila siku, kwa sababu kazi ya picha ni kubadilisha kidogo na kutazama, kubadilisha kidogo na kutazama.

Zig ya Andrew Kelley niliikaa kwa miezi miwili na niliipenda kuliko nilivyotarajia. Kila kipande cha programu kinachotenga memori hupewa waziwazi mtengaji wake, yaani sehemu inayogawa memori, na mtengaji wa majaribio hukuambia ulichosahau kukirudisha. Ilinionyesha pia kosa ambalo C++ ililificha: namba ya shimo yenye baiti moja isiyo na hasi, ikiwa 0 ukatoa 1, kwenye C++ huwa 255 kimyakimya, kwenye Zig ya majaribio programu husimama papo hapo na kuutaja mstari. Na nikiwa kwenye Linux niliweza kutoa faili ya Windows kwa amri moja, bila kuweka chochote cha ziada. Iliyonitoa ni kwamba bado haijafika toleo la 1.0, na kila toleo jipya hubadilisha mambo. Nilipopandisha toleo, faili ya kujengea mradi na sehemu za kuandika matini zikavunjika, nikapoteza Jumapili mbili kuzishona upya. Mwenye muda wa kuifuata asiogope.

Odin ndiyo niliyobaki nayo kwa upande wa picha. Ilianzishwa mwaka 2016 na Bill Hall, anayejulikana zaidi kwa jina la Ginger Bill, na JangaFX wameiandikia EmberGen, programu ya kutengeneza moto na moshi. Raylib inakuja ndani ya kifurushi cha kompaila yenyewe, kwa hiyo niliipakua mara moja tu na sikugusa bando tena. Mchezo wangu wote ulikompailiwa kwa sekunde chache. Kwa picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 hivi kwa kila fremu, yaani picha moja, na Odin ina mtengaji wa muda ambaye vitu vidogo vya fremu hiyo, kama maandishi ya idadi ya kete, unavirundika humo bila kuvihesabu, kisha mwisho wa fremu unafuta vyote kwa free_all, kama mwalimu anavyopangusa ubao kipindi kikiisha. Usije ukaweka humo kitu cha kudumu. Niliweka jina la mchezaji, na fremu iliyofuata likawa herufi zisizosomeka.

Fikra za kompyuta nimeziacha ndani ya Rust. Sababu yake ni nyuzi nne, yaani sehemu za programu zinazoenda sambamba, zinazotafuta mwendo bora kwa pamoja zikichangia jedwali moja la hali zilizokwisha kupimwa: nilipojaribu kulichangia bila kufuli la kuzizuia zisiligonge kwa wakati mmoja, kompaila ilinikatalia, na ningekuwa kwenye lugha nyingine yoyote kati ya hizi ningekubaliwa na kuanza wiki nyingine tatu za kutafuta. Sehemu hiyo hutoka kama maktaba yenye sura ya C, na Odin huiita bila tabu. Seva ya kuwakutanisha wachezaji wawili nimeiandika kwa Go, ambayo toleo lake la 1.0 ni la mwaka 2012. Niliambiwa niikimbie kwa sababu hujikusanyia takataka za memori yenyewe. Kwa seva inayopitisha mwendo mmoja kila baada ya sekunde kadhaa, ukusanyaji huo hauhisiki hata kidogo, na niliimaliza kwa siku nne.

Mwezi uliopita niliupeleka mchezo Unguja, kwenye baraza anayocheza mjomba wangu. Alicheza kimya mpaka katikati, kisha akaweka kidole kwenye skrini. "Mjomba, huyu wako kala kwenye kimbi cha kulia, mbona kaingizia kete kichwa cha kushoto?" Alikuwa sahihi: anayekula kwenye kichwa au kimbi, shimo linalofuata kichwa, huanzia kichwa cha upande huohuo, nami niliiandika kanuni hiyo kwa vichwa nikaisahau kwa vimbi, katika lugha zote nne nilizoliandikia bao, na hakuna kompaila hata moja iliyoweza kulijua hilo. Nilifungua kompyuta palepale, nikaongeza sharti moja kwenye maktaba ya Rust, nikaikompaili hiyo peke yake, na kahawa ya pili ilipomiminwa alikuwa ameshaanza kunamua upya. Alinifunga mchezo ule na uliofuata, kisha akataka nimwekee kwenye simu yake.