Nywila sahihi, sanduku halifunguki

Nawaandikia mafundi wenzangu wa TEHAMA hapa Dodoma, hasa mnaotunza seva za barua pepe za ofisi ndogo. Mtumishi akikwambia "barua pepe yangu inanikataa", tafadhali usikimbilie kumbadilishia nywila.

Nimetoka kushughulikia ofisi moja pale Makole. Wikiendi walihamishiwa barua zao kwenye diski mpya, Jumatatu asubuhi hakuna aliyeweza kusoma chochote. Mama wa uhasibu alinipigia. Shikamoo, marahaba, kisha moja kwa moja: "Mwanangu, simu inaniomba nywila kila dakika, na nywila yangu naijua!" Kijana wa zamu alikuwa ameshampa nyingine mpya. Hali ikabaki ileile.

Seva yao inatumia Dovecot, programu ya seva ya barua pepe aliyoianzisha Timo Sirainen wa Finland, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002. Naiheshimu sana kwa namna inavyotenganisha maswali mawili. La kwanza: huyu ni nani, na nywila yake ni sahihi? La pili: sanduku lake liko wapi, na faili zake zifunguliwe kwa namba ya mtumiaji ipi? Kwenye faili za mipangilio utayakuta kwa majina ya passdb na userdb.

Simu inapogonga poti 993, yaani mlango wa mtandao wa kusomea barua, anayeipokea ni mchakato (programu inayoendeshwa) mdogo usio na mamlaka yoyote. Hauwezi kusoma barua, wala hauoni orodha ya nywila. Unachofanya ni kupeleka jina na nywila kwa mchakato mwingine, wa uhakiki. Huo nao haulinganishi nywila yenyewe na iliyotunzwa, maana ikiwa seva imepangwa vizuri kinachotunzwa na kulinganishwa ni hashi, yaani msimbo uliokokotolewa kutoka kwenye nywila, na hashi hairudishwi kuwa nywila. Ukikosea, unasubirishwa kama sekunde 2 hivi, kisha unakataliwa bila kuambiwa kama ulichokosea ni jina au nywila. Hilo nalipenda: anayebahatisha majina ya watumishi haondoki na kitu.

Ukikubaliwa, unaanzishwa mchakato wako wa kusoma barua. Unavua madaraka ya root, msimamizi mkuu wa seva, na kubaki na namba yako ya mtumiaji tu. Namba ndogo kuliko 500 Dovecot kwa kawaida haizikubali kabisa, kwa hiyo root mwenyewe, ambaye namba yake ni 0, hawezi kuingia kusoma barua kwa njia hiyo. Kuanzia hapo mwamuzi ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi wa seva: inatazama mmiliki wa faili na ruhusa zake, basi. Haijui nywila yako na haina haja nayo.

Makole tatizo lilikuwa hapo. Barua zao zimetunzwa kwa mtindo wa Maildir, kila barua faili lake, ndani ya folda za cur, new na tmp. Aliyezihamisha alinakili akiwa root bila kuhifadhi umiliki, folda zote zikawa mali ya root, ruhusa 0700, yaani mmiliki peke yake ndiye anayeingia. Nywila ya mama ilipita vizuri kabisa, kisha kerneli ikamzuia mlango wa pili. Logi, faili la kumbukumbu za seva, ilikuwa imeeleza kila kitu: ruhusa imekataliwa, namba ya mtumiaji ni hii, ruhusa inayokosekana ni hii, mmiliki wa folda ni root. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Kijana alitaka tupige chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, tumalize. Nikamwambia, hapana mdogo wangu. Barua za mishahara na za nidhamu zimo humo, na kwa 777 yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile anaweza kuzisoma, hata kuzifuta. Tukaendesha amri ya Dovecot, doveadm auth test: nywila iko sawa. Tukaendesha doveadm user: ikatuonyesha namba na njia ya sanduku. Tukarudisha umiliki kwa chown, amri ya kubadili mmiliki wa faili, mtumiaji mmoja mmoja, ruhusa zikabaki 0700.

Kabla ya saa sita mama alikuwa anasoma barua zake. Akaniuliza kama naweza kumrudishia nywila yake ya zamani. Nikamweleza kwamba seva haina cha kunipa, hashi yake ilishafutwa ile mpya ilipowekwa, lakini yeye mwenyewe anaweza kuiandika tena kwenye ukurasa wa kubadili nywila. Akakaa akaiandika.