Nyati sitini miguu juu: nilivyosaka sarafu zenye kasoro hapa Moshi

Nianze na yule jamaa aliyeniambia "nenda benki kaombe roli ya sarafu". Huyo ametazama video za Wamarekani mpaka amesahau yuko Moshi. Kule sarafu zinaviringishwa kwenye karatasi, za senti moja hamsini hamsini, mtu anabeba nyumbani kukagua zilizochapwa vibaya, maana wakusanyaji huzinunua kwa zaidi ya thamani yake. Mimi nikapanga foleni karibu saa nzima, nikamwambia dada wa dirishani nataka sarafu za laki moja. "Una duka, kaka?" Nikasema hapana, nataka kuziangalia tu. Akamtazama mlinzi. Nikaaga.

Kwa Mangi wa mtaani usijaribu, chenji yake ni roho yake. Konda naye asubuhi hakupi hata kwa dawa, mfuate jioni akishafunga hesabu ya bosi. Ila hazina yenyewe ipo kanisani. Mhazini wa usharika wetu ana ndoo ya sarafu kila Jumapili na hakuna anayependa kuzihesabu. (Sisi watu wa Moshi tunasemwa kwa kupenda hela, na ile ndoo haitutetei.) Nampelekea noti, ananipa ndoo, anaona nimetumwa na Mungu.

Nachagua za mia tano, zile za Karume na nyati za 2014. Ni kubwa, na laki moja ni sarafu 200 tu. Sarafu huchapwa kati ya vyuma viwili, kila kimoja na picha yake. Chuma kimoja kikizunguka kidogo, Karume anatoka wima na nyati anatoka amepinda. Zetu ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, pande zote mbili husimama wima.

Sasa kugeuza 200 moja moja, kidole gumba kinaota sugu. Ndipo nikabuni hii, na sijamwona mtu mwingine akiifanya: panga sarafu sitini kwenye sinia, Karume wote wima, funika kwa sinia nyingine, bana, geuza kwa mpigo mmoja. Mwenye kasoro anajitokeza mwenyewe.

Mara ya kwanza zilimwagika sebule nzima. Watoto wakapata hela ya ubuyu, na tatu sijaziona hadi leo. Mara ya pili nikatandika kipande cha blanketi kuukuu juu ya sarafu kabla ya kufunika. Nikageuza, nikafunua. Nyati wote sitini miguu juu! Mikono ilitetemeka. Nikampigia kaka yangu Arusha, nikamwambia asikope ile hela ya bati, tunaezeka nyumba zote mbili. Nilikuwa natafuta kalamu nipige hesabu mke wangu alipotoka jikoni, akatazama, akasema, "Baba Junior, si umegeuza kama chapati?"

Kweli. Nilivuta ukingo wa mbali kuja kwangu, badala ya kugeuza kutoka kushoto kwenda kulia. Kaka yangu ananiita Nyati mpaka kesho.

Wiki hiyohiyo nikapata moja yenye 4 ya mwaka imejirudia, kama uonavyo ukiwa na homa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa karibu na stendi. Akaweka lenzi jichoni, akanyamaza, kisha: "Mwanangu, hii imeburuzwa." Akanipa nami nione. Kile kivuli kilikuwa bapa na chembamba kama ngazi. Chuma kilitikisika wakati wa kupiga, basi. Inayotafutwa ni ile ambayo chuma chenyewe kilitiwa picha mara mbili, kama senti ya Lincoln ya 1955 kule Marekani: mistari yote miwili imenona, na kila sarafu iliyotoka kwenye chuma hicho ina alama ileile. Yangu thamani yake mia tano. Lenzi nikainunua kama elfu saba hivi, soda ya mzee nje ya hesabu.

Na aliyenishauri kusugua kwa limau, aje achukue ile mia tano iliyofubaa. Wakusanyaji hawataki iliyosuguliwa. Wala usimtumie mtu "ada ya usajili" eti ananunua shilingi ya Nyerere kwa mamilioni.

Ndoo ya tatu ndiyo ilinitoa aibu. Sinia ilipofunuka, nyati 59 walisimama sawasawa, mmoja kichwa juu kama anapanda Kibo. Nikaitazama pande zote mbili mara kumi. Nimeiweka kwenye kibati cha dawa, siuzi.

Kosa langu ni kumwonyesha konda. Siku hizi anazikagua zake kwanza, na juzi ananidai elfu mbili kwa mia tano iliyokanyagwa na Fuso.