Jinsi nilivyotatua tatizo la betri ya sola kutojaa ndani ya basi

Basi dogo tuliloligeuza kuwa makazi, ambalo tumeliegesha Kigamboni, lilikuwa na paneli ya wati 200 na betri ya asidi ya volti 12 ambayo, hata baada ya kutwa nzima ya jua kali, iliishiwa nguvu na kuzima feni kabla ya usiku wa manane. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, ilionyesha volti 14.4, lakini nilipogusisha mita kwenye vichwa vya betri huku ampea 10 zikiingia, nilisoma 13.6.

Volti hizo 0.8 zilikuwa zikipotelea njiani. Kontrola ilifungwa karibu na dereva na betri ikawekwa nyuma, umbali wa mita 6, kwa waya mwembamba wa milimita 2.5 za mraba. Na kwa kuwa kontrola hupima volti pale ilipo, iliamini kwamba betri inakaribia kujaa, ikapunguza chaji mapema mno.

Nilitenganisha paneli kwanza, nikaihamishia kontrola mita 1 kutoka kwenye betri, nikatumia waya wa shaba wa milimita 16 za mraba na kusugua kutu ya kijani kwenye viungio, ambayo hewa ya chumvi ya pwani huileta upesi. Waya mrefu ulibaki upande wa paneli, ambako kuna volti za ziada. Fyuzi niliiweka karibu kabisa na kichwa chanya, na hapo sishauri mtu abane matumizi, kwa sababu shoti ya betri inaweza kuteketeza basi zima. Sasa mita husoma volti 14.4 kwenye betri yenyewe, na feni hukesha.