Jinsi nilivyoondoa vidoa kwenye picha za machweo

Tangu nistaafu, jioni nyingi huzimalizia mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikipiga picha za jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa muda kila picha ilionyesha vidoa vya kijivu angani, daima mahali palepale. Kufuta lenzi hakukusaidia, wala kuibadilisha, jambo lililoashiria kwamba vumbi limo kwenye sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Nilithibitisha kwa kupiga anga tupu kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), vidoa vikakolea, ilhali kwa f/4 (tundu likiwa kubwa) havikuonekana.

Nilichaji betri ikajaa, kwa kuwa ikiisha katikati ya kazi kioo cha ndani, kinachoinuliwa ili sensa ibaki wazi, hushuka ghafla. Nikaondoa lenzi, nikachagua kwenye menyu usafishaji wa sensa kwa mkono, kisha nikapuliza kwa pampu ndogo ya mpira bila kugusa chochote. (Pumzi ya kinywa isitumike, huacha mate.) Kamera ikilala chali, vumbi lilihama tu; lakini nilipoishika mdomo wake ukielekea chini huku nikipuliza kutoka chini, likadondoka nje. Nilirudia picha ya f/16, na anga likatoka safi.