Nyufa za kalibu kwenye senti tano za Kanada za wakati wa vita

Ukitaka kuyazoesha macho kazi ya kusoma nyufa za kalibu, yaani muhuri wa chuma unaochapa sura ya sarafu, weka kando kwanza sarafu za fedha, anza na senti tano za Kanada za 1944 na 1945. Zilichapwa kwa feleji, na feleji haina huruma kwa kalibu. Kila pigo la mashine huichosha kidogo, mpaka ufa mwembamba unajitokeza, mara nyingi ukingoni au kwenye ncha ya herufi, na kuanzia hapo kila sarafu inayofuata hutoka na ufa mrefu kidogo kuliko ule wa mwenzake.

Feleji yenyewe ililetwa na vita. Hadi 1942 senti tano ilikuwa nikeli tupu na ya mviringo. Nikeli ilipohitajika kwa silaha, kiwanda cha Ottawa kikahamia aloi ya shaba asilimia 88 na zinki asilimia 12, iitwayo tombak. Aloi hiyo ikichakaa hubadilika rangi na kufanana na senti moja, ndiyo maana ikapewa pembe 12. Mwaka 1943 ukaja mchoro wa Thomas Shingles: mwenge juu ya V kubwa, ambayo ni ya ushindi na papo hapo ni tano ya Kirumi. Shaba nayo ilipotakiwa kwa risasi, 1944 ikawa zamu ya feleji iliyopakwa nikeli, kisha kromu juu yake. Sumaku inakusaidia hapa: nikeli na feleji hunasa, aloi ya shaba hainasi. Uzito hauwezi kukutenganishia, kwa kuwa zote tatu ni gramu 4.54.

Sasa ufa wenyewe. Kalibu imechongwa kinyume, hivyo pale ilipopasuka chuma cha sarafu huingia ndani ya mpasuko. Kwenye sarafu ufa huwa mstari ULIOINUKA. Mkwaruzo huwa umezama, na kandokando yake chuma kimesukumwa kikawa kama tuta. Tumia lenzi ya mara 10 na taa moja tu, iwekwe chini ubavuni, kisha zungusha sarafu polepole. Mstari ulioinuka hung'aa upande unaotazama taa na kuacha kivuli upande wa pili. Uliozama hufanya kinyume chake. Tatizo ni kwamba chini ya lenzi jicho hupindua mambo, shimo likaonekana kilima. Dawa yake ni kuitazama herufi iliyo jirani, kwa sababu herufi unajua imeinuka. Kivuli cha mstari kikiangukia upande uleule na cha herufi, umepata ufa.

Kwenye feleji kuna mtego mwingine. Chuma kilipakwa nikeli na kromu kikiwa bado bamba, ndipo visahani vya sarafu vikakatwa. Ukingo ukabaki wazi, na kutu huanzia hapohapo. Ikipenya chini ya mpako huuinua, na mwinuko huo huweza kufanana na ufa. Lakini huwa na chembechembe na wekundu pembezoni, na hauna ncha kali inayokwisha taratibu kama ya ufa. Lengelenge la mpako nalo ni kipele tu, halielekei popote.

Usisahau msimbo wa Morse. Kwenye sarafu za V, mahali pa vimeno vya ukingoni pana nukta na mistari inayosomeka "We win when we work willingly". Maneno yote sita yanaanza na W, yaani nukta moja na mistari miwili, kwa hiyo ni rahisi kujua umefika wapi. Neno la pili, WIN, ni nukta na mistari miwili, kisha nukta mbili, kisha mstari na nukta. Kalibu ikimeguka kati ya zile nukta mbili za I, zinaungana na kusomeka mstari mmoja. Ni kosa dogo sana, lakini kwangu ndilo lenye ladha kuliko yote, na watu wengi hulipita kwa sababu wanakimbilia V.

Ufa ukizunguka kutoka ukingo hadi ukingo, kipande cha kalibu hatimaye hudondoka. Sarafu hutoka na uvimbe laini usio na maandishi, ulioshikana na ukingo. Kabla hujalipa, geuza: upande wa pili, mkabala na uvimbe, mchoro unapaswa kuwa hafifu, maana chuma kilikimbilia kwenye pengo. Ukiwa mkali kama kwingine kote, kuwa na shaka.

Sarafu za feleji zisizo na kromu ni aina ya kweli: rangi yake ni ya kijivu, haina ule mng'ao wa ubaridi wa kibuluu. Ila asidi ya hidrokloriki huyeyusha kromu, na wajanja wapo. Chunguza ukingo. Asidi hula feleji iliyo wazi na kuacha vishimo.

Kwa kukusanya, napendelea hatua za kalibu moja kuliko rundo la nyufa zisizohusiana. Tafuta alama isiyobadilika, tuseme kipele kidogo karibu na herufi, kisha panga sarafu kuanzia ufa mfupi hadi mrefu. Pembe 12 ni saa ya bure: andika "ufa kutoka saa 3 hadi saa 5", kwa kusoma akrabu za saa ya ukutani. Sarafu za Kanada za enzi hii, ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, pande zote mbili husimama wima. Upande mmoja ukipinda, kalibu moja ilizunguka mahali pake, nalo liandike. Ufa wa unywele peke yake hauongezi bei ya maana, basi usikubali kuuziwa kama dhahabu.

Shika ukingoni, na usiisugue kwa chochote. Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, kwani hutoa ukungu wa kijani unaonata. Sarafu za feleji ziwekwe kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na pakiti za silika jeli, na pakiti hizo zibadilishwe zikishashiba unyevu.